Mnasema Hajui Kitu

Enyi watu wa Mbagala na Tandika, wa Buza na Yombo, wa Mwananyamala, Tandale na Kigogo, mpaka huko Chamazi na Bunju ambako kila mwaka misingi mipya inachimbwa: nina neno nanyi juu ya watoto wenu ambao bado hawajatembea. Si neno la lishe wala la chandarua; hayo mmeambiwa, na wengi mmeyashika. Ni neno juu ya nyuso zenu.

Mna kauli moja mnayoitumia kama kibali. Baba anamfokea mkewe mtoto akiwa kifuani mwa mama, na jirani akimkanya anajibu, "Huyo hajui kitu." Shangazi anasimulia ajali aliyoiona barabarani, kwa macho na mikono na kelele zake zote, mtoto kampakata mapajani, na akiombwa apunguze anasema, "Mdogo huyo, hajui kitu." Kwa kauli hiyo mnafanya mbele ya mtoto mambo ambayo msingethubutu kuyafanya mbele ya mkwe wala mbele ya mjumbe. Mkwe mnamstahi, mjumbe mnamwogopa. Mtoto, ambaye hawezi kuwasemea popote, ndiye mnayemwonyesha yote. Nasema kauli hiyo ni ya uongo, na kila siku inaumiza mtu.

Nendeni zahanati siku ya chanjo mkajionee. Kina mama wamekaa kwenye benchi, kadi za kliniki mkononi, watoto wametulia. Wa kwanza anachomwa, anapiga ukelele. Wa pili, ambaye hajaguswa na hata sindano hajaiona, anakunja uso na kuangua kilio. Wa tatu anapokea, na punde benchi zima ni vilio. Mnacheka mkisema wanaambukizana. Mmesema kweli kuliko mnavyojua. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani, Marvin Simner, alionyesha kwamba watoto wenye siku chache tu hulia wakisikia kilio cha mchanga mwenzao kuliko wanavyolia wakisikia kelele nyingine yenye nguvu ileile. Mwaka 1982 watafiti wengine wakaenda mbele: walirekodi kilio cha mtoto, wakamsikilizisha mwenyewe, naye hakulia nacho kama wachanga walivyolia kwa kilio cha mwenzao. Mtu ambaye hajamaliza hata siku mbili duniani anatofautisha kilio chake na cha jirani yake, na cha jirani kinamgusa.

Mwaka 1977, huko Seattle, Andrew Meltzoff na Keith Moore waliandika kwamba watoto wa wiki mbili au tatu wakitolewa ulimi nao hutoa ulimi, wakifunuliwa kinywa nao hufunua. Baadaye waliwapima wasiofikisha siku tatu, mmoja wao akiwa na dakika 42 tangu azaliwe. Wasomi walistaajabu. Kisha mwaka 2016 watafiti wa Australia wakawafuatilia watoto 106 katika wiki zao tisa za mwanzo, wakawapima kwa vitendo vingi, wakasema uigaji huo hawakuuona. Mabishano hayajaisha. Najua yupo atakayeshangilia hapo na kusema, "Unaona? Hajui kitu." Asishangilie. Kama mtoto hazaliwi na kipaji cha kuiga, amejifunza kwa nani? Mtazameni bibi aliyempakata mjukuu barazani. Mtoto akipiga mwayo, bibi anafunua kinywa. Mtoto akisema "aguu", bibi anajibu "aguu". Sisi ndio tunaomwiga kwanza, mara elfu na elfu, mpaka anatambua kwamba lile analolihisi ndani lina sura nje, na kwamba sura ile iko pia kwa watu wengine. Kwa hiyo wasomi wakubaliane lolote, mzigo unaturudia: ama mtoto amekuja akiwa tayari kuchukua nyuso zetu, ama uso wake tunautengeneza sisi kwa mikono yetu. Katika hayo mawili sioni lipi linalotupa nafasi ya kuzembea.

Akifika mwaka mmoja, uso wako ndio sheria yake. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa umri huo juu ya meza ya kioo. Chini ya kioo, katikati, kulikuwa na mteremko wa kina cha kama futi moja, hivyo mtoto aliyekuwa akitambaa alifika mahali akaona pana shimo. Mama alisimama upande wa pili, na alikatazwa kusema neno. Alipewa uso tu. Kwa kina mama walioonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Kwa kina mama walioonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hakuna aliyeitwa wala kukemewa. Walimtazama mama, wakajua shimo lile ni la kuvuka au la kukimbia.

Hilo mnalishuhudia kwenye kibanda umiza chochote siku ya Simba na Yanga. Baba kaja na mwanawe begani, bao linaingia, watu sitini wanapiga kelele kwa pamoja chini ya bati. Mtoto anashtuka, midomo inaanza kutetemeka, lakini kabla hajalia anafanya jambo moja: anageuka kumtafuta baba usoni. Akimkuta anacheka na kumrusha juu, naye anacheka. Ndani ya nukta chache ameuliza swali zito na kupewa jibu. Ameuliza, "Hapa pana usalama?" na baba amejibu kwa meno yake.

Sasa niambieni mnaufanyia nini uaminifu huo.

Mnavaa kinyago usiku na kumtokea mtoto mlangoni. Mnamwekea mjusi wa plastiki mapajani, mnamsukumia kuku usoni, mnajifanya mmekufa sakafuni, na mmoja wenu amesimama pembeni simu ikirekodi. Mtoto anaruka kwa hofu, anageuka kuutafuta uso wa mtu wake auulize lile swali, na uso anaoukuta unacheka. Analia zaidi, unacheka zaidi. Kisha kilio kile mnakirusha TikTok na kwenye stetasi ya WhatsApp, mnangoja watu wacheke nanyi, na wanacheka. Ninyi mnaita mchezo. Mchezo una watu wawili wanaofurahi. Hapo anafurahi mmoja, na mwingine amegundua kwamba siku anapoogopa, yule anayemtegemea anaona raha. Hana maneno ya kukushitaki. Analo funzo tu, na funzo hilo analibeba kwenye mwili.

Na wala msidhani simu ndiyo iliyoleta uovu huu. Lipo kosa la zamani zaidi, nalo liko kwenye vijiwe na mabaraza yetu yote. Mtoto ana mwaka na nusu, ulimi ndio kwanza unafunguka. Mjomba anamwita: "Njoo hapa. Mtukane yule. Sema..." na anamtamkia tusi la nguoni, silabi kwa silabi. Mtoto haelewi tusi. Anachokielewa ni nyuso. Anatamka kwa shida, na baraza zima linalipuka kwa kicheko, watu wanapiga makofi, mmoja anatoa mia mbili akanunuliwe andazi. Lini tena mtoto huyo aliwahi kupata nyuso kumi zimemwelekea yeye peke yake, zote zinang'aa? Analirudia tusi kesho, na keshokutwa, kwa sababu mmemwonyesha kwamba hilo ndilo neno zuri kupita yote anayoyajua. Kisha anafika miaka minne, analitamka lilelile mbele ya bibi aliyekuja kutoka Rufiji, au kwa mwalimu wa chekechea, nanyi mnamshukia kwa mkanda. Mnasema samaki mkunje angali mbichi. Mlimkunja! Mlimkunja akiwa mbichi kabisa, kwa vicheko, na leo mnamvunja kwa fimbo kwa kuwa amekauka katika umbo mlilompa. Yeye hakubadilika, ni nyuso zenu zilizogeuka bila kumwambia sababu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ni wengi mno kuwaita watukutu. Nauliza ni wangapi kati yao walichapwa kwa jambo ambalo watu wazima wa nyumba ileile waliwafundisha na kulishangilia.

Mengine ni madogo, nayataja nikipita. Mtoto akijikwaa mnakimbilia kuichapa sakafu: "Chini mbaya! Tumpige!" Kabla maumivu hayajapoa mmeshampa wa kulipiziwa. Mnamkabidhi kiganja mnamwambia, "Mpige baba, mpige!" na baba anajifanya analia ili mtoto acheke. Mwenye miezi kumi mnamtishia daktari wa sindano, mgambo, kichaa wa sokoni, ili tu anyamaze. Ananyamaza, ndiyo. Mtu aliyeganda kwa hofu pia huwa kimya.

Nigeukie nyumba zenu za kupanga. Mnajua zilivyo: ujia katikati, vyumba huku na huku, kuta zinaishia usawa wa mtu mrefu na dari halikufikishwa, hivyo maneno ya chumba cha kwanza yanasikika cha sita. Familia nzima iko chumba kimoja, pazia limetenga kitanda. Umaskini si dhambi na siukaripii. Nakaripia lile mnalolisubiri. Mnasubiri mtoto alale, kisha ndipo mnaanza: fedha za kodi zilikokwenda, simu aliyopiga nani, mama yako alisema nini. Mnafikiri mmemhifadhi kwa kuwa macho yake yamefumba.

Mwaka 2013 Alice Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwachukua watoto 20 wenye miezi kati ya sita na kumi na miwili, wakawaweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwa usingizini, usiku, wakati wao wa kawaida wa kulala. Wakawasikilizisha sauti ya mwanamume akisema maneno yasiyo na maana yoyote, kwa sauti ya furaha, kwa sauti ya kawaida, kwa hasira kidogo na kwa hasira kali. Ubongo wa watoto hao ulizitofautisha sauti zile wakiwa wamelala. Na wale ambao wazazi wao waligombana sana nyumbani, hasira kali iliwasha kwa nguvu zaidi sehemu za ubongo zinazoshughulika na msongo na hisia. Maneno hayakuwa na maana, kwa hiyo msiseme mtoto hajui lugha. Anachukua hasira yenyewe, ikiwa tupu, na kadiri anavyolishwa nyingi ndivyo mwili wake unavyokaa macho kuingoja nyingine. Asubuhi mnasema huyu mtoto msumbufu, halali vizuri, labda ana mchango. Mnampeleka kwa bibi wa mitishamba.

Najua mtakalosema: hayo ni ya Wazungu, wenye chumba cha mtoto na mwanasesere wa mtoto, sisi tunabeba mgongoni, mtoto wetu hatutazami usoni. Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, elimu hii haikuzaliwa Marekani peke yake. Kati ya mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala, akatembelea nyumba za kina mama 26 wa Kiganda wenye watoto wanaonyonya, akatazama. Hakuwa na mashine. Aliona watoto wanavyomfanya mama kuwa ngome: wanatambaa kwenda mbali kidogo, wanageuka kumwangalia, wanaendelea. Aliona kwamba mama aliyekuwa mwepesi kusoma ishara za mwanawe, na aliyefurahi kumnyonyesha, alikuwa na mtoto mtulivu zaidi. Tena aliona jambo ambalo sijalisahau tangu nilipolisoma: mama akirudi kutoka shambani, mtoto wa Kiganda alimpokea kwa kupiga makofi. Hakumkumbatia wala kumbusu kama watoto wa Kimarekani wafanyavyo. Alipiga makofi. Hakuwa ameweza kusema "karibu mama", na tayari mikono yake ilikuwa imeshika furaha kwa namna ya watu wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto hao ni mojawapo ya misingi ya elimu ya malezi duniani, na msingi huo ulichimbwa kwenye udongo wa Afrika Mashariki. Msiutupe mkisema ni wa wageni.

La pili ni huo mgongo wenyewe. Mnadhani mtoto asipokuona uso hakupati? Mwaka 2014, huko San Francisco, Sara Waters na wenzake waliwatenga kina mama na watoto wao wa mwaka mmoja na kidogo, wakawatuma kina mama wakazungumze mbele ya watu. Wengine walitazamwa kwa nyuso za kukunjamana na vichwa vya kukataa. Kisha wakarudishwa kwa watoto wao. Ndani ya dakika chache moyo wa mtoto ulikuwa unafuata msukosuko wa moyo wa mama, na watoto wa wale waliokunjiwa nyuso wakawa wazito zaidi kumkaribia mgeni. Miaka mitatu baadaye waliuliza jambo ambalo ninyi wabebaji mngelijua: je, ngozi inahusika? Watoto waliopakatwa walishika hofu ya mama kuliko waliokaa kwenye kiti kando yake. Basi mtoto aliye mgongoni mwako, tumbo lake likiwa kwenye uti wako, anakusoma kwa karibu kuliko mtoto yeyote wa kwenye kigari.

Dada yangu uliyechukua mkopo wa kausha damu, nasema nawe kwa upole, kwa sababu najua ulichukua kwa ajili ya ada au dawa. Siku ya marejesho, wale watu wakigonga, unazima redio, unakaa nyuma ya mlango bila kupumua, mtoto mgongoni. Naye anaacha kupumua. Lakini ninyi mnaokopesha kwa riba ile, mnaomfuata mama mpaka genge lake la mihogo na kumwaibisha mbele ya wateja, sikieni: deni hilo mnamtoza na mtu ambaye hajaweka sahihi. Mnachukua kitanda na jiko la gesi, na juu yake mnachukua utulivu wa mtoto mchanga, ambao hauko kwenye mkataba wenu na hamtaweza kuurudisha.

Na baba je, yeye ambaye hagombani, anayerudi nyumbani kimya na kuketi na simu mpaka bando liishe? Miaka ya sabini Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao kwa muda mfupi, kisha wakae na uso mkavu, wakimtazama mtoto bila kujibu lolote. Mtoto alitabasamu, akangoja. Akatabasamu tena, akanyoosha mikono, akapiga sauti, akajaribu kila ujanja aliokuwa nao. Alipoona hakuna linalorudi aligeuza kichwa, mwili ukalegea, wengine wakalia. Zilitosha dakika mbili au tatu. Watafiti wengine wamerudia jambo hilo kwa simu ya mkononi badala ya uso mkavu, na watoto wakafadhaika vilevile. Baba, mwanao amekungoja tangu asubuhi, amekusikia mlangoni, ameleta furaha yake yote magotini pako. Unamsogeza kwa mkono bila kuinua macho. Hukumpiga wala hukumtukana, na kwa hiyo unajihesabu mwema.

Lakini yuko mama ambaye uso wake umekauka na wala hashiki simu. Amejifungua, na tangu hapo hafurahi, hali, anamtazama mtoto kama wa mtu mwingine. Huyo simkaripii, na yeyote atakayelitumia neno langu kumpiga nalo amelitumia vibaya. Huyo anaumwa, na ugonjwa wake unatibika. Nawakaripia waliomzunguka. Pwani hii ilikuwa na arobaini: mzazi alirudi kwao au mama yake alimfuata, akakandwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto akapita mikono ya shangazi na bibi, na kama uso wa mama ulikuwa umezimika kwa siku kadhaa, zilikuwako nyuso nyingine tano zinazowaka. Leo binti amejifungulia chumba cha kupanga Charambe, mama yake yuko Lindi hana nauli, mume amepewa siku tatu ambazo sheria ya kazi inampa baba, kama kazi yake ina sheria, na siku ya nne mna hakika atajiweza. Wapangaji wenzake wanamwona anavyoanika nepi huku analia, wanasema anadeka. Mmekaa naye ujia mmoja! Ingieni, mpokeeni mtoto, chekeni naye, apate uso.

Serikali ilizindua mwishoni mwa mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na moja ya nguzo zake ni malezi yenye mwitikio, yaani mtoto aitike na aitikiwe. Ni neno zuri. Basi nawaambia baadhi ya wahudumu wa afya: mtalihubirije neno hilo kwa mama ambaye mmemfokea hadharani kwa sababu kadi yake imelowa? Mtoto anayepimwa uzito anaona uso wa mama yake ukianguka. Hilo ndilo somo la malezi alilopewa siku hiyo.

Nimeliacha la mwisho makusudi, kwa sababu ndilo lililoenea mno na lisilokaripiwa na mtu. Nasema juu ya dada wa kazi.

Mnamtoa Singida au Njombe, binti ambaye mwenyewe bado anahitaji mama. Mnamkabidhi mtoto wa miezi sita kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu daladala za Mbagala hazimsubiri mtu, mpaka saa mbili usiku. Na kabla hamjatoka mmeshamtukana: chai ina majani mengi, ndoo haijajazwa, wewe ng'ombe nilikuambia nini. Mnamtukana akiwa amembeba mtoto. Kisha mnafunga geti na kwenda, na huyo aliyedhalilishwa ndiye uso pekee ambao mtoto wenu ataushuhudia kwa saa kumi na tano. Mnatarajia ausome uso gani? Kwa mkono gani mnadhani atapakatwa, kama mkono huo umetetemeka tangu alfajiri?

Na mtoto aliyaona. Betty Repacholi na Meltzoff yule wa Seattle walifanya jaribio waliloliandika mwaka 2007, kwa watoto wa miezi 18. Mtu mzima alimwonyesha mtoto namna ya kuchezea kitu fulani. Akaingia mtu mwingine akamkasirikia yule aliyekuwa akionyesha, mtoto akitazama tu. Mtoto mwenyewe hakuguswa wala kusemeshwa. Alipopewa kile kitu, aliogopa kukichezea ikiwa yule mwenye hasira alikuwa anamtazama. Ikiwa mwenye hasira amegeuka au ameondoka, alicheza nacho. Hebu litafakarini. Ukimfokea dada mbele ya mtoto, mtoto hajifunzi usafi wala kuwahi. Anajifunza kukupeleleza: kuwa mmoja ukiwepo, kuwa mwingine ukigeuka. Baada ya miaka kumi na mbili mtalia kwamba binti yenu ana siri, mkatafuta ni shule gani iliyomharibu.

Yote haya yanatengenezeka, na ndiyo maana nasema. Kama yangekuwa hayatengenezeki ningenyamaza na kulia. Tronick huyohuyo aliona kwamba mama na mtoto, hata wanaopendana sana, sehemu kubwa ya muda hawaendani: huyu anacheka yule kageuka, huyu anataka kucheza yule kachoka. Kinachomlea mtoto ni kule kurudi, mama kuona ameachana naye na kumfuata tena. Uso mkavu ukilegea, mtoto kwanza ananuna, anamkatalia kidogo, kisha anarudi. Ni mwepesi wa kusamehe kuliko mtu mzima yeyote mnayemdai au anayewadai. Futeni zile video; mtoto akishtuka, mpakateni kwanza. Mkishikwa na hasira usiku, tokeni nje mpaka bombani, mmalizane huko. Tusi likitoka mdomoni mwa mtoto, baraza lote likae kimya, na yule mjomba aliyelifundisha ndiye aondoke.

Na kesho alfajiri, kabla hujamkabidhi mtoto, mwite yule binti kwa jina alilopewa na wazazi wake. Muulize kama amelala vizuri. Ukiwa umemkosea jana, muombe radhi hapohapo, mtoto akiwa kati yenu, na umtengee siku moja ya wiki awe anapumzika, na mshahara wake umpe kamili tarehe mliyokubaliana.